Mikomamanga Mitano ya Kawetele

Tumpe angeweza kumtambua baba mkwe wake kwa kikohozi, kwa alama za buti zake za mpira kwenye tope, na kwa namna anavyofunga kamba. Kwa uso hakumjua vizuri. Alikuwa ameolewa katika nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo wawili hao hawakuwahi kusimama mahali pamoja wala kusemeshana neno.

Hawakuwa na ugomvi. Ni mila ya Wanyakyusa: mke wa mtoto na baba mkwe hukwepana kwa heshima. Mwanamke hamtazami mkwe wake, haketi alipoketi yeye, halitaji jina lake. Watu wengi wa Tukuyu siku hizi wameiacha mila hiyo, hasa wale wa mjini, ambao nyumba zao zina vyumba viwili na mlango mmoja na mtu hana pa kukwepea. Lakini pale Kawetele, kwa mzee Andongwisye, ilikuwa bado inafuatwa, na aliyeishikilia kuliko wote hakuwa mzee. Alikuwa Tumpe mwenyewe. Alisema mama yake kule Suma alimlea hivyo, tena mtu akikuheshimu mpaka akakupisha njia kila siku, utamwambia aache kwa sababu gani?

Mimi nilipanga chumba katika uwanja wao nilipohamishiwa shule ya sekondari ya kata. Natoka Singida, kwenye jua na upepo mkavu, na miezi yangu ya kwanza Rungwe niliipitisha dirishani, nikitazama mvua inavyoshuka juu ya migomba kana kwamba hakuna siku itakapochoka. Dirisha hilo lilitazama kipande cha shamba nyuma ya nyumba, na ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikulielewa. Asubuhi, kofia ya pama ilitundikwa kwenye nguzo ya uzio, na mzee mrefu akaonekana akifanya kazi kati ya miti minne mifupi yenye miiba. Saa tano kofia ikaondoka. Alasiri akaja mwanamke, akafanya kazi kwenye miti ile ile. Hawakukutana hata siku moja, ila kazi ya mmoja iliendelezwa na mwingine kama vile wamepanga.

Miti ile ilikuwa mikomamanga.

Ilianza na Tumpe. Mumewe, Jairo, alipokuwa akifanya kazi Dodoma walikaa huko miaka miwili, na jirani yao alikuwa na mikomamanga ukutani. Walipohama, Tumpe alikata vijiti vinene kama penseli, akavifunga kwenye khanga yenye majimaji na kusafiri navyo kwenye basi mpaka Tukuyu. Alivichomeka nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu, maana aliona haya kidogo. Viwili vilishika. Siku viliporudisha majani ya kwanza, aliamka akakuta kila kimoja kimezungushiwa uzio mdogo wa mianzi dhidi ya kuku. Hakuna aliyesema ni nani kauweka. Tumpe aliziangalia kamba, akaona zimefungwa mafundo mawili mawili, akajua.

Wiki iliyofuata akaweka samadi. Mzee akajibu kwa kuchimba mfereji wa kutolea maji, kwa kuwa mkomamanga hauvumilii mizizi yake kukaa majini. Tumpe akapunguza machipukizi ya shinani. Mzee akayachukua yale mazuri, akayaotesha kwenye makopo. Mzee alikuwa amestaafu kiwanda cha chai baada ya miaka thelathini, na mikono yake ilikuwa ikitafuta kazi. Ndivyo walivyoanza kuzungumza, ikiwa hilo ni neno lake.

Baadaye miti ikaongezeka. Mzee alinunua miche miwili kwa muuza miche wa Mbeya, aina ya matunda makubwa yenye ganda jekundu sana. Wa tano niliuleta mimi: mwalimu mwenzangu aliniletea kutoka kwao Tanga, mti wa matunda madogo, ganda gumu, na uchachu wa kumkunja mtu uso. Tumpe aliipenda yote na kuijua kama mtu anavyowajua watoto wake. Ya Dodoma ina ganda jembamba la manjano lenye wekundu shavuni, na punje za waridi zenye utamu wa moja kwa moja. Ya Mbeya ina majani mapana na kiburi. Ule wa Tanga ndio wenye miiba mikali na haufi kwa lolote. Alikuwa akinieleza hayo akiwa amechutama, anang'oa magugu, na mimi nilisahau kwa muda kwamba nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Ujumbe uliohitaji maneno ulipitia kwa Bibi Veronika, mke wa mzee. Bibi huyu alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa mabega, na alibeba ujumbe kama wengine wanavyobeba maji kichwani: mwingi ulimwagika njiani. Mzee angeweza kueleza kwa nusu saa juu ya ukungu unaoshambulia majani, Bibi angefika jikoni na kusema, "Baba yenu anasema miti inaumwa." Tumpe akiuliza inaumwa nini, Bibi alisema, "Mimi ni daktari?"

Shida ilikuwa mvua. Miti ilichanua mwezi wa tisa, kama ilivyofanya Dodoma, na matunda yakakua vizuri mpaka mwezi wa tatu. Hapo ndipo mvua za Rungwe zinaposhuka bila kupumzika, na hapo ndipo makomamanga yanapotaka jua ili yaive. Yalikunywa maji, yakajaa, yakapasuka yangali mabichi. Ya Dodoma yalitangulia. Kisha yale makubwa ya Mbeya yakafunguka kama midomo, na ndani yake kukawa na ukungu mweusi. Mwaka wa kwanza Tumpe alisema miti ni midogo. Mwaka wa pili aliyakusanya kwenye ndoo na kuyafukia.

Jairo alikuwa sasa anaendesha Fuso, akipeleka ndizi na viazi Dar es Salaam, na alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa nne alisimama kwenye mlango wa jiko, akatazama ndoo ya matunda yaliyooza.

"Mama Neema," alimwambia mkewe, "huku mvua inanyesha miezi saba. Hiyo miti inataka jangwa. Ni sawa na kufuga ngamia kwenye migomba."

Tumpe alimjibu kwamba ngamia wake hali ugali wa mtu. Jairo alicheka, lakini alikuwa ameshaamua. Alikuwa ameagiza miche thelathini ya parachichi, ile iliyounganishwa, ambayo ingekuwa tayari mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata. Rungwe nzima ilikuwa ikipanda parachichi, na kipande kile cha nyuma ya nyumba kilikuwa chake. Baba yake alimgawia alipooa. Hakuwa mtu mkorofi. Alisema atasubiri msimu mmoja zaidi. Kama miche ikifika na hajala komamanga lililoivia juu ya mti pale pale, mikomamanga inang'olewa.

Mzee Andongwisye angeweza kumkataza. Bibi Veronika alimshawishi afanye hivyo, nikiwapo, na mzee akatikisa kichwa. Alisema ardhi ameshampa mwanawe, na mtu hawezi kutoa kitu halafu akabaki amekishika mkia.

Nilimwambia Tumpe kwamba makomamanga yanapatikana sokoni Mbeya, nikidhani namliwaza. Alikuwa akichambua mboga.

"Mwalimu, siogopi kukosa makomamanga," alisema. "Ila miti ikiondoka, mimi na yeye tutabaki na kukohoa tu."

Tangu hapo nilielewa kilichokuwa kikisubiriwa katika kipande kile. Nimeishi na watu walioonana kila asubuhi mezani na hawakuwa na jambo la kuambiana. Hawa wawili walikuwa nalo.

Msimu wa mwisho ulianza vizuri. Kufikia mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja miti yote mitano ilikuwa imebeba matunda ya ukubwa wa ndimu, mengi kuliko miaka yote. Halafu mambo mawili yakatokea wiki moja. Bibi Veronika alifiwa na kaka yake kule Matwebe, akaenda msibani, na misiba ya huku mwanamke haendi asubuhi akarudi jioni. Alikaa wiki mbili na zaidi. Nami nikapangiwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne wilaya nyingine. Neema, mtoto wa Tumpe na Jairo, alikuwa shule ya bweni, na Jairo mwenyewe alikuwa safarini. Kwa hiyo mzee na mke wa mwanawe wakabaki na miti yao, na hakuna mtu wa kupeleka neno.

Kila mmoja alikuwa amefikiri sana. Mzee aliona kwamba matunda yaliyo ndani ya matawi, kwenye kivuli, ndiyo yanayoshika ukungu kwanza na kuambukiza mengine. Basi asubuhi kwa asubuhi akaanza kuyatoa yale ya ndani, ili ya nje yapate nguvu na hewa. Tumpe naye aliona kwamba matunda ya nje, yanayopigwa na mvua moja kwa moja, ndiyo yanayopasuka. Basi alasiri kwa alasiri akayatoa yale ya nje, ili ya ndani yaliyofunikwa na majani yabaki salama. Walifanya kazi taratibu, kwa uangalifu, mti mmoja kwa siku mbili. Yaliyotolewa kila mmoja aliyafukia upande wake, kwa usafi. Tumpe alinieleza baadaye kwamba aliona matunda ya ndani yanapungua, akadhani ni popo.

Nilirudi siku ile ile aliyorudi Bibi Veronika. Bibi alikuwa bado na kitambaa cha msiba kiunoni. Alizunguka nyuma ya nyumba kuangalia kuku wake, akasimama. Alizunguka mti wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Kisha akaingia sebuleni kwa mumewe, akatoka, akaenda jikoni kwa Tumpe, akatoka, akakaa chini katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha.

"Nimetoka kulia Matwebe wiki mbili," aliniambia. "Narudi nyumbani nakuta msiba mwingine. Mmoja katoa ya ndani, mwingine katoa ya nje. Wameuvua mti nguo, Mwalimu. Kila mtu na mkono wake wa nguo."

Alijaribu kulia akashindwa, akaanza kucheka, na mabega yake yalitikisika mpaka kuku wakatawanyika. Nilicheka naye. Lakini Tumpe hakutoka jikoni, wala mzee sebuleni. Matunda matatu yalikuwa yamebaki kwenye miti mitano, na kabla ya Krismasi yakaanguka yenyewe.

Kwa siku tisa kofia haikutundikwa kwenye nguzo. Tumpe aliamini mzee amemkasirikia, na mzee, kama nilivyoambiwa na Bibi, hakuweza kwenda kwenye miti ile kwa aibu. Kwamba yeye, mtu mzima aliyesimamia watu arobaini kiwandani, ameharibu kazi ya mke wa mwanawe. Siku ya kumi alimtuma mkewe. Safari hii Bibi hakumwaga neno hata moja, kwa kuwa yalikuwa machache.

"Anasema umsamehe."

Tumpe alikaa juu ya kigoda chake akiwa ameshika mwiko. Alimwomba Bibi arudie. Kisha akasema amwambie kwamba yeye ndiye wa kusamehewa, na Bibi akasema atapeleka yote mawili, wagawane huko wenyewe. Alasiri hiyo Tumpe alitoka na ndoo ya samadi, akaizungushia miti ambayo haikuwa na chochote cha kulisha. Asubuhi yake kofia ikarudi.

Sikutegemea kitu baada ya hapo. Nadhani hata wao hawakutegemea. Waliihudumia miti kama unavyomhudumia mgeni ambaye keshafunga mizigo. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa pili, katikati ya mvua, Tumpe aligonga dirisha langu. Alikuwa amelowa mpaka magotini na hakujifunika kichwa. Alinishika mkono, akanivuta nje, na kunionyesha.

Miti ilikuwa imechanua. Miaka mingine wakati huo ilikuwa na maua mawili matatu ya kuchelewa, maana nguvu zote zilikuwa kwenye matunda. Sasa haikuwa na tunda la kulea, na ilikuwa imejaa rangi ile ya makaa yaliyopulizwa, kila tawi, chini ya anga la kijivu. Tumpe alihesabu kwa vidole, sikujua anahesabu nini. Alikuwa anahesabu miezi: wa tatu, wa nne, wa tano, akaendelea mpaka wa kumi.

"Yataiva kiangazi," alisema. "Mwalimu, yataiva mvua ikiwa haipo."

Kilichobaki ni kuyavusha maua kwenye mvua za masika. Mzee alikata mianzi, akajenga kibanda kisicho na kuta juu ya kila mti, na kuezeka kwa nailoni ngumu. Tumpe alikaza kamba upepo ulipozilegeza, na akajifunza mafundo mawili mawili. Bibi Veronika alitangaza sheria, kwanza sebuleni, kisha jikoni: hakuna mtu kugusa tunda, ua wala jani bila kumpitia yeye. Akaisimamia kama askari wa zamu. Niliwahi kumsikia akimwuliza mumewe kwa sauti kali amekwenda kufanya nini kule nyuma, na mzee akijibu kwa upole kwamba amekwenda kutazama tu.

Mwezi wa sita ukungu ulishuka, baridi ikashika, na matunda yakasimama, ya kijani, ukubwa wa yai. Mwezi wa saba yakawa yale yale. Tumpe aliniuliza mara mbili kama Singida jua linauzwa. Mwezi wa nane uliposhika, mbingu zikafunguka, na nailoni zikaondolewa. Mwezi wa tisa mashavu ya matunda yalianza kupata rangi, na kwenye ncha za matawi yale yale yakajitokeza maua mengine mapya, ya msimu wa kawaida.

Miche ya parachichi ilifika katikati ya mwezi wa kumi, thelathini, kwenye viriba vyeusi, ikapangwa chini ya paa. Jairo alisema Jumatatu atachimba mashimo. Ilikuwa Jumamosi. Tumpe hakubishana naye. Alikwenda nyuma ya nyumba, akagonga kila tunda kwa ukucha na kusikiliza, kama alivyofundishwa na jirani yake wa Dodoma: bichi hunyamaza, lililoiva hulia kama debe. Alirudi akamwambia mumewe kwamba kesho, baada ya ibada, ale.

Jumapili ile jua lilikuwa safi. Jairo aliketi uwanjani na kisu, mama yake pembeni, mimi kwenye ngazi ya chumba changu. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na nyuma ya pazia kulikuwa na kikohozi. Tumpe alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko; niliona ncha ya kitenge chake. Bibi aliweka matunda matatu kwenye ungo, moja la kila aina.

Jairo alianza na lile kubwa la Mbeya. Lilikuwa zuri kwa macho, la majimaji kinywani. Alisema si baya. Akapasua la Tanga, akatafuna, akafumba jicho moja, na Bibi akamwambia asitukane kwa uso, hilo ni la kuungia samaki. Kisha akachukua la Dodoma, lile la ganda jembamba ambalo kila mwaka lilikuwa la kwanza kupasuka. Sasa lilikuwa zima, lenye pembe pembe kama makomamanga yaliyokomaa yanavyokuwa. Alilikata juu, akaliachanisha kwa mikono.

Alikula punje chache. Akala nyingine. Halafu akaacha kuzitoa kwa vidole, akaliinamia tunda lenyewe, na hatukuona uso wake kwa muda.

"Nani kawafundisha kutoa matunda ya kwanza ili miti izae kiangazi?" aliuliza alipoinuka, kidevu chekundu.

Bibi Veronika alimwambia ukweli. Alieleza yote, ya ndani na ya nje, na popo, na siku tisa za aibu, akiigiza mikono ya mmoja na ya mwingine. Kabla hajamaliza, kicheko kikatoka nyuma ya pazia, kizito, cha mtu anayejizuia. Kikajibiwa na kingine nyuma ya jiko. Sijui kama waliwahi kusikiana wakicheka kabla ya siku ile. Walipogundua, wote wawili wakakatisha kwa heshima, kisha wakashindwa, wakaendelea.

Jairo aliifuta mikono kwenye suruali yake ya kanisani. Alisema miche ataipeleka kule juu, kwenye chai iliyozeeka, ambako hata hivyo kuna nafasi zaidi. Alisema kana kwamba aliwaza hivyo tangu mwanzo, na hakuna aliyemharibia. Kutoka sebuleni sauti ya mzee ilisema, "Ndaga fijo," na kwa kuwa kwa Kinyakyusa hiyo ni asante sana, na hakutaja anamshukuru nani, kila mtu aliichukua.

Jumatatu asubuhi hakukuwa na mashimo. Kulikuwa na maua ya kutoa. Safari hii ilibidi wayatoe kwa makusudi, yote, mekundu, mazuri, na Bibi akapeleka ujumbe pande zote mbili mapema. Mzee alimaliza zamu yake. Tumpe akaja na ungo na kuendelea. Jairo alimfuata. Mtu yule yule aliyetaka kuing'oa miti sasa alitembea nyuma yake akishika matawi.

"Mama Neema, hili liache. Tazama lilivyo na afya."

"Litapasuka mwezi wa tatu."

"Moja tu. Tawi moja."

Tumpe alimtazama, akamwachia tawi moja la mti wa Dodoma, lile la upande wa njia. Jairo alilifunga utepe ili mtu asikosee, akalitembelea kila aliporudi kutoka safari. Lilibeba matunda manne. Mwezi wa tatu, miti mingine yote ikiwa imechanua tena chini ya vibanda vyake vya nailoni, yale manne yalipasuka usiku mmoja, kama alivyoambiwa. Asubuhi nilimwona kutoka dirishani kwangu, amesimama kwenye tope, mvua inampiga mgongoni. Aliyachuma. Alitafuta yasiyoshika ukungu, akayala pale pale yakiwa nusu mabichi, mpaka mkewe alipomwita kutoka jikoni aje anywe chai.